Hastati wanakimbia, Wagiriki hawatikisiki: kutafuta chanzo cha vipigo katika Rome: Total War

Malalamiko ninayoletewa kuhusu gemu hili yana sura moja. Mtu amepanga vikosi kumi na viwili dhidi ya vinane, amesukuma wote mbele, na dakika tano baadaye bendera nyeupe zinapepea upande wake. Anaanza kampeni nyingine, anashusha kiwango cha ugumu, anashinda mpaka anasinzia. Anapandisha tena, anapigwa palepale. Mwisho anatangaza kwamba kompyuta inaiba.

Inaiba, ndiyo, ila si pale anapodhani.

Gemu ninalolizungumzia, Rome: Total War, ni lile la kampuni ya Creative Assembly la mwaka 2004, ambamo unaongoza milki kwenye ramani kubwa na kupigana vita vyake uwanjani. Feral Interactive waliliingiza kwenye iPad mwaka 2016, kwenye iPhone na Android mwaka 2018, kisha wakalitengeneza upya kwa ajili ya kompyuta mwaka 2021. Vitufe vinatofautiana na picha zimeng'arishwa, lakini kanuni za vita ni zilezile kwa sehemu kubwa, kwa hiyo dawa za hapa zinafaa kote. Rome II ya mwaka 2013 ina mambo yake na sitaigusa.

## Kwanza pima ugumu wenyewe

Viko viwango viwili vya ugumu, na wengi huvichagua kama kimoja: kimoja cha kampeni, kingine cha vita. Cha kampeni kinahusu ramani kubwa: wapinzani wanapata fedha kwa urahisi zaidi na wanakuwa wachokozi. Cha vita kinahusu uwanjani: askari wa kompyuta wanaongezewa nguvu ya kushambulia na ari ya kusimama. Hapo ndipo wizi ulipo. Kikosi cha wakulima wenye majembe, kwenye ngazi ya juu kabisa, kinaweza kuwachachafya askari uliowalipia fedha nyingi, na huwezi kuyaeleza hayo kwa mbinu yoyote ya Kirumi.

Lakini kuna kitu ambacho kiwango hakiongezi hata chembe: akili. Jemadari wa kompyuta katika ngazi ngumu kabisa anaingia mtegoni kwa mlango uleule anaouingia yule wa ngazi rahisi. Anaacha ubavu wazi vilevile. Anafukuza wapanda farasi wako vilevile. Kwa hiyo ukiona mbinu yako inafanya kazi kwenye ngazi ya wastani na inakufa kwenye ngazi ngumu, jua ilikuwa inategemea kugongana uso kwa uso, na mgongano wa uso kwa uso ndio pekee ulioongezewa uzito.

Kipimo changu ni hiki. Toka kwenye kampeni, ingia kwenye vita vya kujipangia, chagua vikosi vitano vya hastati (askari wa miguu wa Kirumi wenye upanga na mikuki ya kurusha) dhidi ya vitano vya hopliti wa Kigiriki (askari wa miguu wa mikuki mirefu) kwenye uwanja tambarare. Cheza kwa wastani, kisha kwa ngumu kabisa. Ukipigwa kwa wastani, usiguse tena suala la ugumu, tatizo ni mikono yako na sehemu zinazofuata zinakuhusu. Ukishinda kwa wastani na kupigwa juu, bado unajua kitu: unashinda kwa wingi wa panga, si kwa mpangilio.

Wachezaji wengi wa siku nyingi huweka kampeni kwenye ngumu kabisa na vita kwenye wastani, nami ni mmoja wao. Maadui wanakuja wengi na wenye fedha, lakini mkuki wa mkulima unabaki mkuki wa mkulima.

## "Wanakimbia ilhali bado ni wengi"

Hili ndilo tatizo linaloongoza, na chanzo chake karibu kila mara ni kwamba mchezaji anahesabu watu badala ya kuhesabu moyo. Katika gemu hili kikosi hakishindwi kwa kuisha. Kinashindwa kwa kukata tamaa, na mauaji makubwa hutokea baadaye, kinapogeuza mgongo.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu silaha, uliza mambo haya kwa mpangilio huu.

Jemadari yuko wapi? Walinzi wake ni wapanda farasi wazito, na mchezaji mgeni anaona nyundo ya bure: anamtupa katikati ya mikuki katika dakika ya kwanza. Akifa, jeshi zima linapata pigo la ari kwa mara moja, na vikosi vilivyokuwa vikiyumba vinaondoka pamoja. Mweke nyuma ya mstari wa kati, karibu kiasi cha kuonekana. Kazi yake ya upanga ni mwishoni, kufukuza wanaokimbia.

Nani yupo nyuma yao? Kikosi kinachopigana mbele na kuguswa ubavuni huyumba; kikiguswa mgongoni huvunjika. Rudia vita hivyo ukiwa umepandisha kamera juu. Mara nyingi utakuta kikosi kimoja cha farasi wa adui kilizunguka wakati wewe unatazama mapigano upande mwingine.

Wamechoka? Hapa ndipo nawakamata wengi. Mchezaji anabofya mara mbili, jeshi zima linakimbia kutoka mwanzo wa uwanja, linapanda kilima, linafika likihema, na linakutana na watu waliokuwa wamesimama kivulini. Weka kipanya juu ya kikosi, au kwenye simu fungua maelezo yake, usome hali ya uchovu kabla ya kutoa amri ya mwisho. Tembea. Simama. Pumzika. Halafu kimbia hatua za mwisho tu.

Julius Caesar mwenyewe ameiandika habari hii. Pale Pharsalus, mwaka 48 KK, mpinzani wake Pompey aliwaamuru watu wake wasiondoke mahali pao, akitarajia askari wa Caesar wakimbie umbali wote na kufika wamekwisha pumzi. Askari wa Caesar, wakongwe wa vita vya Galia, walipoona upande wa pili hausogei walisimama wenyewe katikati ya njia, wakavuta pumzi, wakajipanga upya, ndipo wakaenda. Hakuna aliyewapigia kelele. Hastati wako hawatafanya hivyo bila wewe kuwaambia, kwa hiyo lazima uwe wewe mkongwe kwa niaba yao.

Baada ya hayo matatu zipo sababu ndogondogo: mishale ya moto, tembo walio karibu, kikosi jirani kilichokimbia. Hii ya mwisho inaambukiza kama mafua. Ndiyo maana kikosi dhaifu hakiwekwi katikati ya mstari. Kiweke pembeni kabisa au nyuma, kikikimbia kikimbie peke yake.

## "Syracuse imenimaliza"

Ukichagua ukoo wa Scipii, mmoja wa koo tatu za Kirumi za kuchezea, unaanza na miji ya Capua na Messana, na Seneti inakutuma mapema kuichukua Syracuse kutoka kwa miji ya Kigiriki. Ni mtihani wa kwanza, na wengi wanaufeli kwa sababu ileile: walibofya juu ya hopliti, wakakaa kutazama.

Mstari wa mikuki mirefu, falanga, ukiutazama kwa mbele ni ukuta wa miiba. Hastati anakuja na upanga mfupi, na kabla hajaufikia ulipo uso wa mtu, ncha kadhaa za mikuki zimeshampata. Mbaya zaidi ni falanga za Makedonia na za Waseleuko, ambazo sarisa zake halisi, yaani mikuki yake, zilifika kama mita 6. Kuongeza kikosi cha tatu nyuma ya viwili vilivyokwama hakusaidii. Unaongeza kuni kwenye moto.

Udhaifu wa falanga ni shingo yake ngumu. Haigeuki. Mkuki wa mita kadhaa hauzungushwi katikati ya wenzako. Kwa hiyo dawa si nguvu, ni subira ya kuwapa kitu cha kutazama mbele wakati wewe unafika kwingine.

Chukua vikosi viwili vya hastati, vitandaze virefu na vyembamba, viweke katika hali ya kulinda nafasi mbele ya falanga, nje ya urefu wa mikuki. Kazi yao ni kurusha mikuki yao na kuonekana. Hakikisha kitufe cha kurusha kwa hiari kimewashwa, maana kikizimwa wanaingia na panga huku mikuki yote imo mikononi. Vikosi viwili vingine vipeleke upande wa kulia wa adui. Kulia kwake, si kwako. Ngao hubebwa mkono wa kushoto, na gemu linalijua hilo: mkuki au mshale unaotoka kulia au nyuma haukutani na ngao. Mchezaji anayerusha mikuki yote kwenye nyuso za hopliti anatia maji kwenye pakacha.

Wakianza kuanguka, kompyuta itageuza kikosi kimoja kukabili wanaorusha. Hiyo ndiyo dakika. Mstari umepasuka, kuna pengo, na wale wa mbele waliokuwa wanaonekana tu sasa wanaingia kwa panga. Farasi waje mwisho kabisa, mgongoni, na wasikae humo: wagonge, warudi nyuma, wagonge tena. Farasi aliyesimama katikati ya watu wa miguu ni nyama.

Historia imeyafanya haya yote. Pale Cynoscephalae, mwaka 197 KK, bawa la kulia la Philip V wa Makedonia lilikuwa linawasukuma Warumi chini ya kilima, na bawa lake la kushoto likiwa bado halijajipanga. Afisa mmoja wa Kirumi, ambaye mwanahistoria Polybius hakumtaja jina, alichukua manipuli (vikosi vidogo vya Kirumi) zisizozidi 20 kutoka upande ulioshinda, akageuka, akaipiga falanga mgongoni. Haikuweza kugeuka. Polybius anaeleza kwamba Wamakedonia waliinua sarisa zao wima, ishara yao ya kujisalimisha, na Warumi hawakuielewa. Pale Pydna, mwaka 168 KK, ardhi yenyewe ilifanya kazi: falanga iliposonga mbele kwenye mabonde na vilima ilipasuka vipande, na Warumi wakaingia kwenye nyufa. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kuchagua uwanja, achana na tambarare nzuri. Simama juu ya mteremko wenye mawe na miti, mwache aje kwako.

Ndani ya mji mambo yanageuka. Mtaa ni mwembamba kama falanga, hauna ubavu, na hopliti mmoja mlangoni anakula vikosi vitatu. Usiingie kwa tundu moja. Bomoa ukuta mahali pawili au zaidi, umzunguke kwa mitaa ya nyuma. Na kumbuka kwamba walioko kwenye uwanja wa katikati ya mji hawakimbii, hata ungewapiga kutoka pande nne. Hao wanapigana hadi wa mwisho, kwa hiyo waue kwa vya kurusha kabla ya kuwagusa kwa mkono. Lililo rahisi kuliko yote ni kuuzingira mji na kukaa. Chakula kikiisha watatoka wenyewe, wakipita langoni kwa safu nyembamba, na wewe umekaa nje umejipanga kwa nusu duara. Inakula zamu kadhaa. Inaokoa jeshi.

## Tembo

Chanzo cha hofu hapa ni kwamba watu wanapigana na tembo kama vile ni farasi mkubwa. Tembo hauawi kwa kuzuiwa. Anauawa kwa kutishwa.

Ukimwona Carthage analeta tembo, leta velites, askari wepesi wa kurusha mikuki, na wapiga mishale, washa mishale ya moto, waelekeze wote kwa tembo mmoja mmoja. Tembo akishachanganyikiwa hatambui rafiki wala adui, na kwa kuwa kompyuta hupenda kumweka karibu na askari wake wa miguu, anayeumia zaidi ni mwenyewe. Wapiganapo tembo nyasi huumia, tunasema. Humu anatosha mmoja, na nyasi ni za mwenye tembo.

Wale wa miguu walegeze: tandaza safu, acha njia. Jemadari wa Kirumi Scipio alifanya hivyo pale Zama mwaka 202 KK dhidi ya tembo zaidi ya 80 wa Hannibal, jemadari wa Carthage. Alizipanga manipuli zake moja nyuma ya nyingine kwa mstari mnyoofu, njia zikabaki wazi, velites wakaingizwa humo, na tembo wengi wakapita bila kuvunja kitu. Farasi waondoe kabisa mbele ya tembo.

Na kama tembo ni wako na wamerukwa na akili, iko amri ya kuwaua. Itumie mapema. Inauma kwa sababu ni ghali, lakini waendesha tembo wa Hasdrubal, ndugu yake Hannibal, walikuwa na patasi na nyundo kwa kazi hiyohiyo.

## "Jeshi langu limeisha na sijamgusa hata mmoja"

Huyo amekutana na Parthia, au Scythia. Dalili: hastati wanakimbia huku na huko, wapiga mishale juu ya farasi wanarudi nyuma umbali uleule, na idadi yako inashuka polepole. Chanzo: unafukuza.

Jemadari wa Kirumi Crassus alijifunza hili pale Carrhae mwaka 53 KK akiwa na legioni saba, yaani vikosi vikubwa vya maelfu ya askari kila kimoja. Surena, jemadari wa Waparthia, alikuwa na wapanda farasi wapatao 10,000 tu. Publius, mwanawe Crassus, alivutwa na Waparthia waliojifanya wanakimbia, akaenda na farasi wake mbali na jeshi, akazungukwa huko na kuuawa. Ukimtuma jemadari wako kijana akawafukuze wale wapiga mishale, unaichapisha upya habari hiyo.

Dawa ni kukataa kucheza ngoma yao. Wapiga mishale wako wa miguu ni wengi zaidi kwa kila kikosi kuliko wao, na wamesimama imara. Wakishindana kurushiana, hesabu iko upande wako. Ukiweza kukodi wapiga mishale wa Krete, kodi bila kubembeleza bei, wanafika mbali zaidi. Wapange nyuma ya mstari mwembamba wa askari wenye ngao, na walio mbele wazimiwe kabisa hamu ya kufukuza. Ukiwa umeshapata askari wa legioni wanaokuja na mageuzi ya Marius (nitayaeleza chini), tumia kobe, ile amri ya kuziba ngao mbele na juu, na usubiri.

Kusubiri nini? Podo ziishe. Hapa gemu linakupa zawadi ambayo Crassus hakuipata. Naye alitumaini mishale itaisha, mpaka alipoambiwa kwamba Surena ana msafara wa ngamia waliobeba shehena ya mishale, na wapiganaji wanakwenda kujaza upya. Surena wa kwenye gemu hana ngamia hao. Kila mpiga mishale amekuja na kiasi chake, kikiisha kimeisha, na baada ya hapo anakuja kupigana kwa mkono kwa ujinga mtupu au anazurura. Niliposhinda vita yangu ya kwanza dhidi ya Parthia nilikuwa nimeshaweka simu mezani na kwenda kuchemsha chai.

Wapo wanaojipanga kwenye kona ya ramani ili wasizungukwe. Inafanya kazi. Mimi naona ni kama kucheza bao huku umekalia kete za mwenzako, lakini mji wako ukiwa hatarini sitakuhukumu.

## Mji unaasi kila ukigeuka

Tuingie kwenye ramani kubwa, maana nusu ya wanaosema "gemu gumu" hawapigwi uwanjani. Wanapigwa na raia wao.

Fungua maelezo ya mji. Chini ya asilimia ya utulivu kuna safu ya picha ndogo zinazoeleza kinachoongeza na kinachopunguza. Watu hawaisomi. Wanaona uso mwekundu, wanashusha kodi, wanaongeza askari, wanaendelea. Isome, kwa sababu dawa inategemea picha ipi ni ndefu.

Ikiwa ni umbali kutoka makao makuu, kodi haitatibu. Ukoo wa Brutii uliokwishafika Asia Ndogo huku makao yake yako Tarentum, kusini mwa Italia, unatawala kwa barua. Hamisha makao makuu kwenye mji ulio katikati ya milki. Ni kitufe kimoja ndani ya maelezo ya mji, na hakigharimu. Nimewaona watu waliocheza miaka bila kukijua.

Ikiwa ni utamaduni, mji umejaa majengo ya waliokutangulia. Bomoa hekalu lao ujenge lako. Jengo la utawala halibomoki, hivyo doa lake litabaki mpaka utakapolipandisha ngazi inayofuata.

Ikiwa ni uchafu, pole. Uchafu unakua na idadi ya watu, na idadi ya watu inakua kwa mashamba uliyojenga kwa furaha ukiwa na mji wa watu elfu mbili. Mashamba hayabomoki. Ndiyo maana wakongwe hawajengi kilimo cha ngazi za juu katika miji ya mbali yenye rutuba. Ukishafika hapo, tumia vikosi vya bei nafuu vyenye watu wengi, wakulima hasa: utulivu unatokana na idadi ya askari ukilinganisha na ya raia, si na ubora wao. Legioni yako bora haina kazi ya upolisi. Zaidi ya hayo, katika gemu hili kila kikosi unachoandikisha kinatoa watu kwenye mji, kwa hiyo kuandikisha wakulima katika mji uliofurika kunatibu mara mbili. Wapeleke baadaye kwenye mji uliokauka watu na uwavunje huko, watakuwa raia.

Dawa ya mwisho ni ya kikatili: toa jeshi nje, pandisha kodi, waache waasi, urudi kuuteka upya na kuchagua kuwafanya watumwa au kuwaangamiza. Idadi inashuka, uchafu unashuka nayo, na unapata fedha juu yake. Nilikuwa naifanya bila kufikiri. Siku hizi nachagua utumwa, ambao angalau huwahamishia watu kwenye miji yangu mingine yenye magavana. Sina hakika kwamba hilo linanifanya mtu mwema.

## Hazina tupu, au imejaa mno

Tupu: tazama jeshi lililokaa bila kazi na meli zisizokwenda popote. Kila kikosi kinalipwa kila zamu, kipigane kisipigane. Ama lipe jeshi mji wa kuteka ama livunje. Kisha bandari kwanza, barabara pili, na mwanadiplomasia mmoja wa kuzunguka akiomba mikataba ya biashara kwa kila anayekutana naye.

Imejaa: inashangaza, lakini dinari zikirundikana makumi ya maelfu, magavana wako wanaanza kupata tabia za wizi na anasa. Tumia.

## "Wengine wana legioni, mimi bado nina hastati"

Mageuzi ya Marius, yale yanayoleta askari wa legioni mahali pa hastati, hayaji kwa tarehe. Yanakuja mji mmoja ndani ya Italia ukijenga kasri la kifalme, na jengo hilo linadai mji wenye watu 24,000. Marius wa kweli, jemadari wa Kirumi, alikuwa konsuli (mtawala mkuu wa mwaka) kwa mara ya kwanza mwaka 107 KK. Kwenye gemu mageuzi yanaweza kuja miongo mingi kabla ya hapo, na koo pinzani zikijenga kasri hilo kwanza, unanufaika nawe pia. Ukitaka kuharakisha, shusha kodi Capua au Arretium na uache kuandikisha askari huko. Ukitaka kuchelewesha, fanya kinyume. Binafsi nachelewesha, maana baada ya legioni hakuna anayenisumbua tena na kampeni inapoteza chumvi.

## Adui anazingira kisha anaondoka

Kama unacheza toleo la zamani la kompyuta, shuku uhifadhi wako. Toleo la 2004 lilikuwa na hitilafu iliyojulikana sana: ukifungua kampeni uliyoihifadhi, majeshi ya kompyuta hufikiri upya na kuacha mizingiro yaliyokuwa yameianza. Anayecheza zamu moja moja kila jioni, au anayehifadhi kila dakika kwa kuhofia umeme, anajikuta na maadui wapole ajabu hata kwenye ngazi ngumu kabisa. Weka marekebisho yaliyotolewa baadaye, na cheza zamu kadhaa kwa mfululizo.

## Seneti imemtaka kiongozi wangu ajiue

Hili si kosa lako wala si hitilafu. Kadiri unavyoteka, wananchi wanakupenda na Seneti inakuogopa. Alama moja inapanda, nyingine inashuka. Mwisho inakuja barua. Ukitii, kiongozi anakufa, mrithi anakalia kiti, na umenunua muda. Ukikataa unatangazwa mhaini, na Seneti pamoja na zile koo nyingine mbili za Kirumi zinakugeuka kwa siku moja.

Wanaopigwa hapa ni wale ambao barua iliwakuta majeshi yao yote yako Hispania au Syria. Anza kujiandaa alama ya Seneti ikifika katikati. Rudisha majeshi mawili kamili Italia, moja likae siku moja ya safari kutoka Roma. Hamisha makao makuu nje ya Italia kama miji yako ya nyumbani ina kuta za mbao. Weka mpelelezi ndani ya Roma, maana mpelelezi aliyeingia ana nafasi ya kukufungulia lango usiku wa kushambulia, na kuta za Roma hutaki kuziparamia kwa ngazi. Jeshi la Seneti mara nyingi huwa limepiga kambi nje ya mji. Lipige kwanza, uwanjani, kwa miteremko na ubavu kama ulivyowafanyia Wagiriki, huku ukikumbuka kwamba safari hii wa upande wa pili nao wana mikuki ya kurusha, na watairusha kabla hujawafikia.